Mgeni Rasmi Aliyekuja na Jagi Lake

Tawi letu la wahitimu hapa Singida halina ofisi wala bendera. Fulana tulishonesha mara moja, zikaja zote za saizi ya watoto, tukazigawa. Tuna vitu viwili tu: daftari moja gumu ambalo nalitunza mimi kama katibu, na jagi la plastiki la bluu. Nasikia matawi mengine ya chuo chetu hukutana hotelini, wakala, wakapiga picha, wakaagana. Sisi tunafanya kazi. Nasema bila haya kwamba hakuna tawi linalotuzidi, na anayebisha aje tumpe nyundo.

Kila mwaka, mavuno yakishaingia ndani, tunachagua shule ya msingi aliyosoma mmoja wetu. Tunakwenda Jumamosi moja, na kila mtu anafanya kile alichokisomea. Kilimatinde tulikuta tangi la maji ya mvua ambalo halijawahi kuonja maji, kwa sababu mfereji wa bati ulielekezwa upande usio na mteremko. Mhandisi wetu alipanda na kushuka asubuhi nzima, na masika yaliyofuata tangi likajaa. Rungwa tulikwenda, safari ya kuchosha mpaka mifupa, na mwenzetu aliyesomea misitu akakaa na wafuga nyuki kutwa. Alirudi amejifunza kuliko alivyofundisha, na alikiri mwenyewe. Kuna mtoto wa shule moja ya Mkalama aliyekuwa akiitwa mzito wa kichwa. Daktari wetu alimwangalia macho, kumbe maskini alikuwa haoni ubao. Sasa yuko sekondari na miwani yake, na nikimkumbuka huyo huwa najiona mtu mkubwa.

Kazi ikiisha tunakula. Kabla ya kula kuna jambo letu moja, na ndilo linalonifanya niandike haya.

Kwetu huwi mwanachama kwa kujaza fomu. Unakuwa mwanachama kwa kunawisha. Kila anayejiunga mwaka huo anashika jagi na beseni, anapita kwa kila aliyemtangulia kuingia chuoni, anamwagia maji mikononi, anataja jina lake, mwaka alioingia na alichosomea. Anayenawishwa anajibu, "Karibu nyumbani." Ukimaliza mstari mzima, katibu anaandika jina lako daftarini, umekuwa wetu. Umri hauhesabiki hapo, wala cheo. Shikamoo inakwenda na umri, jagi linakwenda na mwaka wa kuingia chuo, na vitu hivyo viwili havigombani. Angalau ndivyo nilivyodhani.

Mtindo huo aliuanzisha mwenyekiti wetu, daktari wa mifugo mstaafu, mzee mfupi wa kofia ambaye maneno yake kwa siku unaweza kuyahesabu kwa vidole. Zamani tulipokuwa wachache, tukikutana uani kwake, alikuja bwana mmoja mkubwa wa wilaya, na dereva, na mtu wa kumshikia simu. Alikaa akisubiri aletewe maji. Mwenyekiti akamuuliza, "Uliingia chuo mwaka gani?" Akataja. Mwenyekiti akamkabidhi jagi, akamwonyesha mwalimu mmoja wa sekondari ya kata aliyekuwa amekaa pembeni na viatu vyake vya vumbi. "Huyo kakutangulia miaka mitatu. Anza naye." Yule bwana alicheka kidogo, akakunja mikono ya shati, akanawisha mpaka mtu wa mwisho. Mpaka leo anakuja kila mwaka, na dereva wake humwacha barabarani.

Hadithi hiyo niliipenda mno. Nilimsimulia kila mtu, na mmoja wa niliowasimulia ni mwalimu wangu wa darasa la kwanza.

Huyu mama alinifundisha kushika penseli. Kijiji chetu kiko njia ya kwenda Mgori, shule iko chini ya mawe makubwa, na upepo wa huko hauna adabu, unaweza kukupokonya daftari mkononi. Kila asubuhi tulisimama mstarini, naye anapita na kusema neno moja tu: "Mikono." Unainyoosha, anaigeuza, anatazama kucha. Kama ni chafu, hakupigi. Anakutuma kisimani unawe, urudi, uinyooshe tena. Na darasani vilevile, ukikosea haandiki sifuri. Anaandika "Rudia." Madaftari yangu ya darasa la kwanza yalijaa neno hilo kwa wino mwekundu. Nililichukia neno lile kuliko fimbo za walimu wengine, kwa sababu fimbo ikiisha imeisha.

Alifundisha pale miaka zaidi ya thelathini kwa cheti chake cha ualimu. Mimi nikasoma, nikafika chuo, nikarudi kuwa bibi shamba wa kata za huku. Ndipo siku moja nasikia mwalimu wangu, mama wa miaka hamsini na kitu, ameomba nafasi chuo kilekile nilichosoma, mpango wa walimu wanaosoma wakati wa likizo. Nilikwenda kumuuliza kama ni kweli. Alinijibu kwamba amechoka kuwaelekeza watoto njia ambayo yeye mwenyewe hajaipita. Kila likizo mumewe alimsindikiza mpaka kituo cha basi akiwa amembebea begi la vitabu kichwani, na watu wakimtania anawajibu, "Mwacheni asome, kuku nitawalisha mimi."

Likizo mojawapo ndipo nilipomsimulia habari ya yule bwana mkubwa na jagi. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa khanga. Halafu akaniuliza, "Na mimi nikimaliza, nitawanawisha?"

Nikacheka. "Mwalimu, wewe hata usiniletee laana."

Naye akacheka. Mimi nilidhani tumecheka jambo moja.

Sasa nakueleza hapa kitu ambacho wakati ule sikukitia maanani, ili usije ukanihukumu polepole. Nihukumu moja kwa moja. Wiki chache kabla ya mahafali yake, mumewe alifariki. Alikuwa ameshashonesha kanzu mpya ya kuendea chuoni kumwona mkewe amevaa joho. Mahafali yalipofika, mwalimu wangu alikuwa ndani, anakaa eda. Cheti chake kilichukuliwa na binti yake, kikaja kimefungwa ndani ya khanga, kikatiwa sandukuni. Hakuna aliyempigia makofi, wala kusimama jina lake likitajwa. Miaka yote ile ya mabasi na vitabu vya kusomea kwa tochi iliishia hivyo. Mahali pekee palipobaki pa yeye kupokelewa kama mhitimu ni kwetu, penye jagi la bluu. Habari zote hizo nilikuwa nazo. Nilikwenda msibani, nilikaa naye kwenye mkeka. Kichwa changu tu ndicho hakikuziunganisha.

Mwaka uliopita zamu ya shule ikanifikia mimi. Nikajua itakuwa siku yangu. Nina mdomo, sikatai, na nikishika jambo nalishika kwa mikono miwili na meno. Wiki tatu nilizunguka. Mbao za madawati nimetafuta mimi, chanjo ya kuku nimehakikisha mimi, kuku wa kuliwa nimechagua mmoja mmoja mwenyewe. Na wanachama wapya mwaka ule walikuwa watano: vijana wanne, na mwalimu wangu.

Hapo ndipo nilipogota. Mwalimu ameingia chuo miaka tisa baada yangu. Kwa mtindo wetu lazima aje mbele yangu na jagi, mimi nikiwa nimekaa, yeye amesimama, animwagie maji. Nilimweleza mama yangu. Alianza kunijibu kwa Kiswahili, akahamia Kinyaturu, na mama akihamia Kinyaturu ujue mjadala umefungwa. Kwa kifupi alisema mtoto anayenyoosha mikono ili mwalimu wake amnawishe, hiyo mikono haitashika kitu tena.

Nikapata ufumbuzi, na nikajisifu kwa ufumbuzi huo. Nikamfanya mgeni rasmi.

Mtu wa kwetu atanielewa. Kwetu ukitaka kumheshimu mtu kabisa unamfanya mgeni rasmi. Nikaandika barua yenye kichwa cha habari kilichopigiwa mstari. Nikaazima parokiani kile kiti kikubwa chenye mgongo mrefu, padri akanipa huku akicheka kwamba kinakwenda kukaliwa na Mwislamu, nikamwambia kiti hakina dini. Nikanunua kitenge cha kumvika. Kwenye daftari, ukurasa wa wanachama wapya nikaandika majina manne. Jina la Mwalimu nikaliweka ukurasa wa nyuma yake, chini ya neno "Wageni."

Alinipigia simu siku mbili kabla. "Nimeona barua. Nije saa ngapi kusaidia?"

"Mwalimu, wewe njoo ukae tu."

"Nikae tu?"

"Ukae tu. Siku yako hiyo."

Akajibu, "Haya."

Siku ilipofika, kazi ilikwenda vizuri mpaka nikaogopa. Alfajiri mwenyekiti alishaanza kuchanja kuku wa kijiji dhidi ya mdondo, tone moja jichoni, na aliyekuwa akimshikia kuku ni binti mmoja wakili, mmoja wa wale wanachama wapya, amekuja na viatu vya mahakamani. Jogoo mmoja alimpiga mbawa akakaa chini. "Huyu mteja wako hataki kutetewa," mwenyekiti akamwambia, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya asubuhi nzima. Mpima ardhi alitembea mipaka yote ya shule na mwenyekiti wa kijiji, wakapata kwamba shamba la jirani mmoja limejisogeza, na jirani mwenyewe akakubali kurudi nyuma bila kelele kwa sababu wapimaji hao wawili walisoma naye darasa moja. Madawati yaliyokuwa yamelala nyuma ya stoo yakasimama. Mimi nilikuwa huku na huku, sauti imenikauka kwa kuamrisha. Nilijisikia vizuri, niseme ukweli.

Mwalimu alifika saa nne. Nikamkimbilia, nikampigia goti kidogo, "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba mwanangu." Alikuwa amevaa gauni la rangi ya samawati na mtandio mweupe, amebeba kikapu kikubwa kilichofunikwa. Nilitaka kumpokea, akakataa. Nikampeleka kwenye kiti cha parokia, nikamkalisha. Mara mbili aliinuka kwenda kushika msumari, mara mbili nikamrudisha. Mara ya pili alinitazama kwa muda. Nikadhani amechoka.

Saa nane tukapanga madawati kivulini, ubavuni mwa darasa la tano. Ugali wa uwele ukaja, kuku wakaja, na mlenda kwa wanaoujua. Kabla ya maji nikasimama kutoa shukrani. Nilisema mengi na mengine yalikuwa mazuri. Nikasimulia mstari wa asubuhi, na kucha, na "Rudia," watu wakacheka. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimepania wamkumbuke, nikamaliza hivi: "Ndugu zangu, huyu si mwenzetu. Huyu ni mama yetu." Wakapiga makofi sana. Nikamvika kitenge.

Wale vijana wanne wakainuka na jagi. Nilikuwa nimewaelekeza waanze kwa mgeni rasmi, kabla hata ya mwenyekiti. Binti wakili akafika kwake, akapiga goti, akaelekeza jagi. Mwalimu hakunyoosha mikono. Aliiweka juu ya kikapu chake, akasema polepole, "Mimi bado sijanawisha."

Walio karibu wakacheka wakidhani ni utani wa wazee. Mimi nilicheka kuwashinda wote. Binti wakili akasubiri, akaona mikono haiji, akasogea kwa mwenyekiti. Mstari ukaendelea, jina, mwaka, somo, karibu nyumbani, jina, mwaka, somo, karibu nyumbani. Nilinawishwa mara nne, nikajibu mara nne. Nilipoandika majina na kuinua kichwa, kiti cha parokia kilikuwa kitupu, na kitenge kimekunjwa vizuri juu yake.

Alikuwa ameaga. Alimwambia aliyekaa jirani naye kwamba anashukuru, chakula kizuri, ila anakwenda nyumbani mara moja. Sahani yake ilikuwa kama ilivyopakuliwa. Mwenyekiti alinitazama mimi, akaitazama sahani, akanitazama tena. Yule mzee akikutazama hivyo ni afadhali akutukane.

Nilifunika sahani kwa sahani nyingine, nikachukua daftari kwapani kwa mazoea tu, nikatoka. Nyumba yake iko ng'ambo ya uwanja wa mpira, unaiona ukiwa shuleni. Na nikwambie nilichokuwa nacho njiani: hasira. Aibu haikuwa imefika bado. Wiki tatu nimehangaika, kiti nimeazima, kitenge nimenunua, halafu mtu anaondoka bila kugusa chakula mbele ya wenzangu wote.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, nje ya mlango. Kikapu kiko wazi miguuni. Ndani yake kulikuwa na jagi la bati, jeupe, lenye ukingo wa bluu, jipya kabisa, na beseni lake, na chupa kubwa mbili za chai, na sabuni ambayo haijafunguliwa. Na mapajani ameshika kitambaa cheupe alichokidarizi kwa uzi wa kijani. Pembeni ya kitambaa kulikuwa na tarakimu nne. Ulikuwa mwaka wake wa kuingia chuo.

Hasira yote ikaniisha. Nikasimama pale na sahani yangu.

"Mwalimu, mbona hukula?"

"Sijanawa."

"Si walikuletea maji."

"Waliniletea maji ya mgeni." Hakupandisha sauti. "Mimi pale shuleni ni mwenyeji tangu wewe hujui kupenga kamasi. Leo umenifanya mgeni. Lete hilo daftari."

Nikampa. Alifungua, akasoma ukurasa wa wanachama wapya kwa kidole, jina la kwanza mpaka la nne. Akageuza, akajiona chini ya "Wageni." 

Nikaanza kujitetea, maana mdomo wangu haujui wakati wa kupumzika. "Mwalimu, sasa ningefanyaje? Nikunyooshee mikono mimi, wewe unimwagie maji? Mama angeniambia nini?"

"Mama yako naye nilimfundisha kusoma, kisomo cha watu wazima, darasa lile lile. Mwambie nimesema mimi."

"Nilitaka kukuheshimu."

"Najua. Umeniweka kwenye kiti, ukaniambia nikae tu." Alikuwa anakunja kitambaa na kukikunjua. "Hiki nilikidarizi ndani ya eda. Siku wenzangu wanavaa majoho nilikuwa nadarizi tarakimu ya pili. Miezi minne na siku kumi nimekaa, mwanangu. Nimekaa vya kutosha."

Mimi si mtu wa kulia ovyo. Pale nililia, na sahani mkononi, mpaka akanipokea sahani isije ikaanguka. Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu kubwa mno. Makofi yote yale niliyaleta mimi, na kila kofi lilikuwa linamsukuma nje ya mlango aliokuwa anabisha hodi. Wapya wanne sikuwa na wasiwasi nao hata mmoja. Huyu peke yake, niliyempenda kuliko wote, ndiye niliyemfungia.

Akanyoosha mkono, "Kalamu." Nikampa. Akapiga mstari mmoja juu ya jina lake chini ya "Wageni," na pembeni yake akaandika neno moja. Akanirudishia daftari. Sikuhitaji kulitazama.

Nikabeba kikapu. Yeye akabeba jagi, hakutaka nilishike. Tulivuka uwanja na upepo wetu ule, mtandio wake unapepea, mimi nyuma yake na kikapu. Nilikuwa nawaza nitawaambia nini. Watu wameshakula, wameshanawa, wengine pengine wameshawasha magari. Chakula cha kunawia kimekwisha; nitamtafutia wapi mikono michafu?

Tukazunguka pembe ya darasa la tano. Wote walikuwa wamekaa palepale. Sahani zilikuwa tupu, mifupa imekusanywa, na kila mmoja ameinua mikono yake kidogo juu ya dawati, ugali na mchuzi umeshakaukia vidoleni. Yule bwana mkubwa wa wilaya naye vilevile, anajaribu kufukuza nzi kwa kiwiko. Baadaye niliambiwa kwamba nilipotoka tu, mwenyekiti aliliweka jagi la bluu chini ya kiti chake akasema, "Hakuna kunawa." Mtu mmoja akauliza mpaka saa ngapi.

Mwenyekiti aliinuka. "Mgeni siku mbili," alisema, "siku ya tatu mpe jembe. Tumekuchelewesha, mwalimu. Utuwie radhi." Akakaa, akanyoosha mikono.

Alianza naye. Alimimina maji, akampa sabuni, akamimina tena, kisha kitambaa. Akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, akataja mwaka wake, akasema, "Shahada ya Ualimu." Mwenyekiti akasema, "Karibu nyumbani," na akavua kofia. Sijawahi kumwona yule mzee bila kofia, na wala sikujua kwamba ana upara.

Akaenda kwa wa pili, wa tatu. Hakuharakisha hata mmoja. Kwa kila mtu alitaja yote matatu kwa ukamilifu, na sauti yake ilikuwa ile ya kusomea majina ya mahudhurio, inayofika dawati la mwisho. Watoto wa kijiji waliokuwa wanachungulia ukutani, ambao ni wanafunzi wake, walisimama wima kama wameitwa. Yule bwana mkubwa aliposema "Karibu nyumbani" aliinuka kitini kabisa, na wa baada yake wakaanza kuinuka nao. Kitambaa kilishaloa, tarakimu za kijani zimegeuka rangi ya mchuzi, na yeye anaendelea kukitumia.

Mimi niko katikati ya mstari. Akawa anakaribia. Niliyasikia maneno ya mama, nikawaza mikono itakayokauka. Nikawaza kumwomba anipite. Akafika.

"Mikono," akasema.

Nikainyoosha. Akaishika, akaigeuza, akatazama kucha, moja baada ya nyingine, kama mstarini. Zilikuwa na rangi ya madawati na mafuta ya kuku ya ile sahani niliyoibeba. Akamimina maji. Yalikuwa ya uvuguvugu, alikuwa ameyachemsha asubuhi nyumbani kwake akayatia kwenye zile chupa za chai, yakabaki na joto lake muda wote ule niliomkalisha. Akanisugulia vidole mwenyewe, jambo ambalo hakumfanyia mwingine. Akataja jina lake ambalo nimelijua maisha yangu yote, akataja mwaka wake, akasema, "Shahada ya Ualimu."

Nikafungua mdomo, huu mdomo wangu ambao haujawahi kunikwamia mbele ya watu. Kilichotoka hata mimi sikukisikia.

Akasubiri na jagi mkononi.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.